Wazo langu la mwani limenitenga na mama yangu

BARUA

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 27, natoka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la kijiji niliache, kwetu ukitaja mnazi tu watu wanajua umekusudia uani kwa nani.

Mama yangu analima mwani tangu mimi sijazaliwa. Sare za skuli, madaftari, mpaka nauli ya kwenda mjini nilipokuwa chuo, vyote vimetoka majini. Mwaka jana nilirudi nyumbani baada ya kazi niliyoitarajia kutopatikana, nikajiunga na kikundi cha mama. Tuko wanawake 19. Mama ndiye mwenyekiti na mama mdogo ndiye mshika fedha.

Zamani kikundi kilikuwa kinalima kotoni, aina ya mwani ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya aina nyingine, spinosum. Siku hizi kotoni haitaki tena maji ya ufukweni. Unaifunga bamvua hili, maji yanapotoka sana, bamvua linalofuata unaikuta imepauka, laini kama tambi zilizopitiliza motoni, ukiishika inakatikia mkononi. Tumebaki na spinosum, kilo kavu shilingi 800. Tena siku ya mzani, wanunuzi wakishakukata uzito wa mchanga na unyevu, hata hiyo 800 huioni.

Mwezi wa Februari nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya siku 4. Tulionyeshwa namna ya kulima kwenye maji ya kina. Mbegu zinatiwa ndani ya wavu mrefu ulioshonwa kama soksi, wavu unaelea kwa maboya na chini umefungwa kwa nanga, pahala ambapo bahari haikauki hata maji yakitoka. Maji ya huko hayapati moto kama ya kwetu, kwa hiyo kotoni inaishi. Bi Mshauri, niliishika kwa mikono yangu, nene, inateleza, haina hata tawi moja lililopauka. Nilitaka kulia.

Nilirudi nimejaa. Nilichora kila kitu kwenye karatasi za manila, gharama, faida, mpaka rangi za maboya. Nikasubiri siku watu wote watakapokuwepo, nayo ilikuwa siku ya mzani. Tulipomaliza kupima nikasimama, nikaeleza, nikaomba shilingi 500,000 kutoka kwenye sanduku letu lenye 1,150,000.

Mama mdogo akawa wa kwanza. “Na ukizama, sisi tumwambie nini mumeo?” Watu wakaangua kicheko. Mimi sina mume. Bibi mmoja akasema bahari haifundishwi kwa karatasi. Mwingine akasema miradi tumeiona mingi, wanakuja na fulana na soda, wakiondoka tunabaki na fulana. Kuna aliyemtaja mwanamke wa kijiji cha jirani aliyechukuliwa na mkondo alipokwenda kutafuta pweza, lakini hayo ni mambo ya zamani, sijui yameingiaje kwenye mkutano wetu. Mama hakusema neno. Alikuwa ameinama anafungua mafundo ya taitai kuukuu, vile vikamba vya kufungia mwani, moja moja, wala hakuniangalia. Mwisho akasema, “Tufunge kikao, maji yanajaa.”

Usiku ule ananimiminia chai akaniuliza, “Hayo maji, mtu akisimama yanamfika wapi?” Nikajua ananibeza. Nikamjibu, “Si bahari mnaijua nyinyi?” nikaingia ndani. Tangu siku hiyo tunaongea ya chumvi na mkaa tu. Mitaani nako nasikia kwamba nimekuwa mjuaji, kwamba nautaka uenyekiti wa mama.

Sasa vijana wenzangu 3 wananiambia tujitoe. Tudai hisa zetu, jumla zinafika shilingi 180,000, na kaka wa mmoja wao ana ngalawa. Wanataka tuanze kusi likitulia, mwezi wa tisa au wa kumi. Nikijitoa namvunja mama mbele ya kijiji kizima. Nikibaki naona tunazeeka na spinosum yetu. Kwa nini watu wanakataa kitu kipya hata kikiwa ni cha faida yao wenyewe? Au kosa ni langu?

Mwana wa Mwani,
Kusini Unguja

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile chai ya usiku. Nitairudia.

Kama nimekuelewa, umekuja na maswali mawili ndani ya bahasha moja. Moja ni la kazi: je, nyavu za kina ziwekwe au zisiwekwe, kwa fedha ya nani, na nani? La pili ni la nyumbani, kwamba ulisimama mbele ya watu waliokulea ukiwa na kitu kizuri mikononi, nao wakacheka, na yule uliyemtaka zaidi ainue uso alikuwa ameinamia mafundo. La kwanza lina hesabu zake. Hilo la pili ndilo nadhani linakukosesha usingizi, na sitajifanya kwamba barua ya gazetini inaweza kulimaliza.

Unauliza kwa nini watu hawataki kitu kipya. Hebu tuanze na hao wanawake 18 unaowasema. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwenye pwani yenu hiyo mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo wanawake wa huko walikuwa na chaza na pweza, na makumbi ya kufukia mchangani ili wasokote kamba za usumba. Akaja mtu akawaambia wachomeke vijiti baharini, wafunge majani yasiyoliwa na mtu, wayaanike, watalipwa. Kwa masikio ya wakati ule yalikuwa maneno ya mgonjwa wa homa. Wapo waume waliokataza wake zao wasiende, na nyumba zilizoingia ugomvi mwanamke alipoanza kushika fedha yake mwenyewe. Hata hivyo waliingia majini. Umesema mama yako analima tangu hujazaliwa, na una miaka 27, kwa hiyo na yeye ni katika walioingia wakati mwani wenyewe ungali mgeni. Umewahi kumuuliza siku yake ya kwanza ilikuwaje, na nani alimcheka?

Sidhani kwamba wanachukia jipya. Wamekula kwa jipya miaka zaidi ya 30. Ninachoona mimi ni watu wanaojua bei ya jipya kuliko unavyoijua wewe, kwa sababu wamewahi kuilipa. Yule aliyesema wanabaki na fulana hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anakupa historia ya kikundi chenu kwa sentensi moja.

Halafu kuna siku uliyoichagua. Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa Marekani, Jennifer Mueller, na wenzake walichapisha utafiti uliowapa watu wengi wa maofisini la kusema. Waliwatia washiriki wasiwasi mdogo tu, kwa kuwaambia kwamba huenda wakapata fedha ya ziada kwa bahati nasibu, huenda wasipate. Walipoulizwa waziwazi, watu hao walisema ubunifu ni jambo jema. Walipopimwa kwa kompyuta, kwa kasi ya kubonyeza tu, ikaonekana ubunifu wanaufungamanisha na maneno kama sumu na matapishi, na katika jaribio jingine, waliotiwa wasiwasi kwa njia tofauti walikuwa wazito kuuona ubunifu wa wazo bunifu lililowekwa mbele yao. Hao ni watu wa bahati nasibu. Wewe ulisimama mbele ya wanawake waliokuwa wametoka mzanini muda huo huo, mchanga umekatwa, unyevu umekatwa, kila mmoja anahesabu kichwani ada na deni la duka, ukawaomba karibu nusu ya sanduku. Nia yako ilikuwa njema, ulitaka wote wawepo. Lakini fikiria ungekuwa wewe.

Kuna kisa cha kwetu Tanzania ninachokipenda kuliko hizo tafiti. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa na sukari, usubiri yapoe, ndipo uyaingize kwenye friji. Nafasi za friji zilikuwa za kugombania, naye akaogopa kuikosa, akayaingiza yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Alimuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa utani wa darasa. Kila akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile, na wenzake wakaona anawaaibisha. Osborne hakusema anakubali. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli, ya moto yameganda kwanza, halafu akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Nacheka kila ninapolikumbuka hilo. Jambo ameliona kwa macho yake na bado anasubiri jibu analolijua. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala ya kisayansi juu ya jambo hilo, na mpaka leo wanasayansi wanabishana, wengine wamerudia jaribio na hawakuona kitu.

Nakuletea kisa hiki kwa ajili ya Osborne zaidi kuliko Mpemba. Katika wote waliomsikia yule kijana, ni mmoja tu aliyetaka kupima. Sasa rudi kwenye chai yako. Katika wanawake 18, ni mmoja tu aliyekuuliza maji yanamfika mtu wapi. Wewe ulisikia kejeli. Huenda ilikuwa kejeli kweli, wewe unaijua sauti ya mama yako, mimi siijui. Lakini maneno yenyewe, ukiyaandika kwenye karatasi bila sauti, ni swali la mtu anayepima. Naye hakuliuliza mkutanini ambako angekuaibisha au angejifunga, aliliuliza usiku mkiwa wawili. Inawezekana kwamba usiku ule aliyekataa kusikiliza hakuwa mama.

Samahani kama hilo limechoma.

Na kuna lingine ulilipita mbio. Umeandika kwamba habari ya yule mwanamke aliyechukuliwa na mkondo ni mambo ya zamani. Kwako, ndiyo. Kwa mama mdogo huenda ni mtu aliyewahi kubadilishana naye kanga. Shamba la vijiti mwanamke analiendea kwa miguu yake, maji yakiwa magotini, anaimba, anarudi maji yakianza kujaa. Hilo la kina linamtaka aogelee, au awe na chombo. Katika watu 19, wangapi wanaogelea? Wewe mwenyewe je? Karatasi zako za manila zilikuwa na rangi za maboya, lakini katika yote uliyonieleza sikuona pahala penye jibu la swali hili. Kule kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kichwa mpaka miguu, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Ila ni gharama, ni muda, na lina ruhusa zake majumbani.

Chombo nacho ni cha kaka wa mwenzako. Leo ni kaka, anasaidia. Mavuno yakiwa mazuri atataka fungu, na kwa haki. Siku akiwa na safari yake ya kutega samaki kwa dema, nyinyi mtaendaje shambani? Wazee wanaokataa wakati mwingine hawana maneno ya kusema hivi, wanasema tu bahari haifundishwi kwa karatasi, na sisi tuliosoma tunaona ni ujinga. Mshauri wako huyu alikaa miaka miwili akikataa kutuma fedha kwa simu, nikimpa dereva wa daladala bahasha. Mwanangu aliniona mshamba. Hakujua kwamba nilikuwa sioni vizuri namba za kwenye simu na naona haya kusema.

Sasa njia zako. Sitakwambia jitoe wala baki, hiyo bahari si mimi nitakayeingia.

Mkijitoa mkiwa wanne mtaanza haraka, bila kumshawishi mtu. Mkianza mwezi wa kumi mtakuwa mnaelekea kaskazi, na joto lake ndilo litakalosema kweli kama kotoni inaishi huko au la. Lakini shilingi 180,000 kwa maboya, nyavu, nanga na mbegu ni fedha ndogo, na wavu ukikatika au ukiibiwa hakuna sanduku la kurudia. Ukishindwa, wazo lenyewe litazikwa pamoja nawe, kila atakayelitaja miaka 10 ijayo ataambiwa kumbuka yaliyomkuta binti wa mwenyekiti. Ukifanikiwa pia kuna gharama. Uvumi kwamba unautaka uenyekiti utakuwa umepata ushahidi, na mama atabaki na kikundi kilichoondokewa na vijana wake.

Kubaki na kuendelea kushawishi kuna heshima yake, na kuna hatari kwamba wewe utachoka kabla yao. Nimesoma barua nyingi za watu waliosubiri mpaka wakaacha hata kupendekeza.

Ipo na njia ya katikati, nayo si laini kama inavyosikika. Kule Iowa, Marekani, mbegu chotara za mahindi zilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920, wakulima waliambiwa habari zake na wauzaji, lakini wengi walianza kwa kupanda sehemu ndogo tu ya shamba, na kilichowatuliza ni kuona kwa jirani. Wavu mmoja badala ya kumi. Fedha yako, au ya nyinyi wanne, bila kudai hisa na bila kugusa sanduku. Mama mdogo, kwa kuwa ndiye mkali, aombwe ashike daftari la kupima uzito siku ya kuvuna. Ugumu wake uko hapa: kitu kikishakuwa cha wote, huenda baada ya miaka miwili kijiji kikasema hilo ni wazo la mwenyekiti, na jina lako lisitajwe. Je, utaweza kuvumilia? Nakuuliza bila mtego. Katika barua yako kuna mtu anayetaka kotoni ipone, na kuna mtu anayetaka mama yake ainue uso. Wote wawili wana haki, ila hawataki kitu kimoja, na ukiamua bila kujua ni nani anayeamua utajikuta umemshinda mama na bado una njaa ile ile.

Uliuliza pia kama kosa ni lako. Siku uliyoichagua, labda. Jibu ulilompa mama, labda. Wazo lenyewe sioni kosa lake, linafanyiwa kazi na watu wanaojua bahari, na ulichokishika kwa mikono yako ulikishika.

Bamvua lijalo mama yako analijua bila kalenda. Maji yakitoka mwombeni huyo kaka mwenye ngalawa awapeleke wewe na mama mpaka pale unapopafikiria, bila wavu wala karatasi. Chukueni kamba yenye jiwe, na mafundo ayafunge yeye, kwa vipimo vyake: goti, kiuno, kifua, shingo. Hata kama hatasema kitu mpaka mrudi ufukweni, msiongee ya mradi njiani. Kisha niandikie uniambie fundo lipi lililolowa.